Protekta ya kioo imeingia vumbi na kona imeinuka: inaweza kuoshwa na kubandikwa tena?

Mkazi_wa_Makole

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa watu wenye ujuzi wa simu.

Simu yangu ina protekta ya kioo iliyobandikwa hivi karibuni kwenye kibanda kilicho kando ya barabara hapa Dodoma. Kwa kuwa tuko kiangazi na upepo hauishi, punje kadhaa za vumbi zilinaswa chini yake siku hiyo hiyo. Tangu hapo kona ya chini, upande wa kulia, imeanza kuinuka, na kila ninapoitia simu mfukoni na kuitoa vumbi jingine linaongezeka, hata sasa pana ukanda wa kijivu usiopendeza na sehemu hiyo ya skrini haisikii mguso vizuri. Kioo cha protekta hakina ufa wala mkwaruzo, ndiyo maana naona si haki kukitupa.

Fundi aliyenibandikia anasema kwamba gundi ikishashika vumbi imekufa, ninunue nyingine. Jirani yangu anasema niing'oe, niipanguse kwa spiriti, kisha niirudishe. Kauli hizi mbili zinapingana, nami sitaki kubahatisha, kwa sababu protekta naweza kuinunua wakati wowote lakini kubadilisha skrini yenyewe ni gharama nzito kwangu. Naomba kujua kama gundi hii inaweza kusafishwa bila kupoteza mshiko, kisafishio kipi kinafaa, na zaidi ya yote, nifanye nini ili skrini iliyo chini isikwaruzike wakati wa kazi hiyo.

FundiSimu_Tanga

Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Inawezekana, ila inategemea aina ya gundi, na hilo ulihakikishe kabla hujagusa chochote.

Protekta za kioo tunazokutana nazo madukani zina namna tatu za kushika. Zipo zenye gundi ya silikoni iliyotandazwa eneo lote la kioo. Zipo zenye gundi kwenye ukingo mweusi peke yake, huku katikati pakibaki nafasi nyembamba ya hewa. Na zipo zinazobandikwa kwa gundi ya majimaji inayogandishwa kwa taa ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno, hasa kwa simu zenye skrini iliyopinda kingo. Hizi za UV zikishang'olewa zimekwisha, usijaribu kuzirudisha, na binafsi sizipendi hata zikiwa mpya, kwa kuwa majimaji yale yanaweza kupenya kwenye tundu la spika na kwenye vitufe kabla hayajaganda. Zile za gundi ya ukingoni nazo hazina eneo la kutosha kushika tena vizuri baada ya kuoshwa. Ili kutambua yako ni ipi, zima skrini, isimamie simu karibu na dirisha, kisha bonyeza katikati ya kioo kwa kidole. Ukiona kioo kinabonyea kidogo na miduara ya rangi rangi inatokea kuzunguka kidole, chini yake pana hewa, yaani gundi iko ukingoni tu. Ukiona kimetulia tuli na hakuna miduara, gundi imeenea kote, na hiyo ndiyo inayooshwa.

Kwa hiyo fundi wako angekuwa sahihi kwa protekta ya gundi ya ukingoni, lakini si kwa kila protekta. Gundi ya silikoni haishiki kwa kukauka. Hushika kwa sababu ni laini mno, hujilaza juu ya skrini na kuisukuma hewa nje hadi pasibaki nafasi baina ya vitu hivyo viwili. Vumbi haliiui, linaizuia tu isigusane na skrini, na mafuta ya vidole hufanya vivyo hivyo. Vikiondoka, mshiko hurudi kwa sehemu kubwa. Nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu kila unapoiosha uso wa silikoni hupata vijikwaruzo vidogo, basi usitarajie kufanya kazi hii kila mwezi kwa protekta ile ile.

Sasa namna ya kuing'oa. Zima simu kabisa. Kabla ya kuinua chochote, pitisha brashi laini, hata mswaki mpya mkavu, kuzunguka kingo zote na kwenye ile kona iliyoinuka, halafu panguza uso wa juu kwa kitambaa chenye unyevu. Watu wengi huruka hatua hii, wakati vumbi la kingoni ndilo litakaloburutwa juu ya skrini protekta itakapoanza kusogea. Kisha ipe simu joto kidogo kwa kuishika viganjani muda fulani, kwa maana silikoni ikipata joto huachia kwa urahisi. Usiiweke juani wala juu ya jiko. Anzia kwenye kona ambayo haina vumbi, si ile iliyoinuka, ingiza kadi nyembamba ya plastiki, kama ile kadi inayobaki ukishatoa laini ya simu, na uisogeze polepole ukiilaza karibu sawa na skrini. Usiivute protekta juu kwa pembe kali. Kioo cha aina hii kwa kawaida kina unene wa takribani theluthi moja ya milimita, hakivumilii kukunjwa, na ufa mara nyingi huanzia ukingoni. Kikishaachia upande mmoja, kiinue moja kwa moja kwenda juu. Kisiteleze kwa ubavu juu ya skrini hata kidogo.

Kuosha gundi ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Nawa mikono kwanza kwa sabuni na uisuuze vizuri. Shika protekta kwa kingo, upande wa gundi ukielekea juu, iweke chini ya maji yanayotiririka taratibu ili punje kubwa ziondoke zenyewe, kisha dondosha tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na uisambaze kwa ncha za vidole bila kukandamiza. Usitumie sifongo, kitambaa wala karatasi ya shashi, kwa kuwa nyuzi zake zitanasa kwenye gundi na utakuwa umeongeza tatizo. Suuza hadi utelezi wa sabuni uishe kabisa. Mwisho isimamishe mahali pasipo na upepo, gundi isiguse kitu, ikauke yenyewe. Usiipulize kwa mdomo, maana mate madogo madogo hurukia humo na kuacha madoa.

Spiriti ya jirani yako ina mahali pake, nayo ni kwenye skrini ya simu. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, ile iliyo kwenye vile vipande vidogo vyenye unyevu vinavyokuja ndani ya pakiti ya protekta, huondoa mafuta vizuri na hukauka haraka. Kwa gundi nashauri sabuni na maji. Usitumie asetoni, dawa ya kuondolea madoa, wala dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, kwa kuwa vitu hivyo huharibu lile tabaka jembamba la juu la kioo linalozuia alama za vidole.

Mwalimu_wa_Sayansi

Namshukuru fundi kwa maelezo yake. Nami naongeza jambo kuhusu hofu ya mikwaruzo, kwa sababu kwa mtu aliye Dodoma hofu hiyo ina msingi.

Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo alichokianzisha Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 kwa ulanga hadi 10 kwa almasi, na kanuni yake ni kwamba kitu kigumu zaidi hukikwaruza kilicho laini zaidi. Skrini nyingi za simu huanza kukwaruzika kwenye daraja la 6. Kwazi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya punje za mchanga wa kawaida, iko daraja la 7. Dodoma imekaa juu ya miamba ya graniti, na graniti ikimomonyoka punje za kwazi ndizo zinazobaki, kwa kuwa haziozi kama madini mengine ya mwamba huo. Vumbi lililo chini ya protekta yako, basi, si uchafu laini. Ndani yake zimo punje zinazoweza kuchora mstari wa kudumu kwenye skrini zikikandamizwa na kuburutwa. Punje iliyotulia chini ya gundi haidhuru sana, hatari huanza inaposogezwa. Ndiyo sababu maneno ya fundi kuhusu kuinua moja kwa moja yafuatwe kikamilifu, na ndiyo sababu sikubaliani na desturi ya kuibonyeza na kuisugua kona iliyoinuka kwa kidole gumba kwa matumaini kwamba itashika.

Vilevile, usidanganywe na alama ya 9H iliyoandikwa kwenye pakiti nyingi. Hiyo haina uhusiano na daraja la 9 la Mohs, ambalo ni la yakuti. Inatokana na kipimo cha penseli kinachotumika kwa rangi na vanishi, ambapo penseli za ugumu mbalimbali hupitishwa juu ya uso kuona ni ipi itakayouchora, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote katika mpangilio huo. Kioo chochote cha kawaida kinaishinda penseli. Mchanga ni habari nyingine, uwe chini ya protekta au juu yake.

Ukishaing'oa, kwa hiyo, usianze kufuta skrini kwa kitambaa kikavu. Igeuze simu iangalie chini, pitisha brashi laini, kisha tumia kipande cha selotepu: kiweke juu ya skrini, kibonyeze kidogo sana, kiinue juu, tupa, chukua kingine. Kitambaa chenye spiriti kifuate baada ya hapo. Kufuta kwa kitambaa kikavu kuna kasoro ya pili pia, nayo ni kwamba msuguano hujenga umeme tuli kwenye kioo, na hewa kavu ya kiangazi haiuondoi upesi, hivyo skrini inaanza kuvuta vumbi jipya kutoka hewani wakati ule ule unapodhani umemaliza.

Mama_Likoni

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Mimi niko Mombasa, na kazi hii nimeifanya kwa simu za watoto wangu na za majirani, kwa hiyo nazungumzia upande wa kurudisha, ambao naona haujaguswa vya kutosha.

Huku kwetu pwani hewa ina unyevu na vumbi halipeperuki sana, ndiyo maana tunabandika kwa urahisi kuliko ninyi wa bara. Lakini hali hiyo mwaweza kuitengeneza ndani ya nyumba. Chumba kizuri ni bafu. Fungeni dirisha, zimeni feni, mwagieni sakafu na kuta maji, kisha mtoke na kufunga mlango kwa muda ili vumbi lililo hewani litue. Mwenye maji ya moto ya bomba ayafungulie kidogo kisha ayafunge, na asubiri mvuke uishe kabla ya kuingia, kwa sababu mvuke ukitanda kwenye skrini utafungiwa chini ya kioo na kuacha ukungu. Vaeni nguo isiyotoa nyuzi. Sweta na kanga mpya ambayo haijafuliwa havifai kwa kazi hii.

Kulenga ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa protekta iliyokwisha tumika haina tena lile karatasi la plastiki la kuilinda, na ikishagusa skrini vibaya inabidi kuing'oa upya. Mimi, kabla ya kuing'oa, hubandika vipande vifupi vya selotepu kwenye ubavu wa simu, viwili upande mrefu na kimoja upande wa juu, vikisimama kidogo kupita kioo, kwa hiyo wakati wa kurudisha vinakuwa kingo za kuiongoza. Shika protekta kwa kingo, iweke ncha ya juu kwanza ukiangalia tundu la spika ya masikioni na kamera ya mbele, kisha iache ishuke yenyewe. Usiikandamize. Gusa katikati mara moja kwa kidole na utaiona gundi ikisambaa kuelekea pembeni. Hapo ndipo utakapojua kama ulisafisha vizuri.

Punje moja ikibaki, usikate tamaa wala usiing'oe yote. Inua upande ulio karibu na punje hiyo kidogo tu, ingiza selotepu, gusa punje kwenye gundi, toa, laza tena. Kwa kweli, ikiwa vumbi la ndugu wa Makole liko kwenye kona tu, mimi ningejaribu njia hii kwanza kabla ya kufikiria kuosha.

FundiSimu_Tanga

Mama yangu, marahaba na ahsante. Hizo selotepu za ubavuni ni mbinu safi, nami nitaanza kuwaeleza wateja wanaobandika wenyewe.

Hapo mwisho tu ndipo tunapotofautiana. Njia ya kuinua upande mmoja inafaa kwa punje moja au mbili safi zilizonaswa siku ya kubandika. Kona ambayo imekaa wazi na kuingia mfukoni kila siku haina vumbi peke yake, ina jasho na mafuta yaliyochanganyika na vumbi, na selotepu haiondoi mafuta. Itashika kwa muda mfupi kisha itainuka tena. Zaidi ya hapo, ili kusafisha ukanda mzima wa kona kwa kuinua upande mmoja, itabidi kioo kipinde kupita kiasi kinachovumilia. Kwa hali aliyoieleza, kung'oa yote na kuosha ni salama zaidi kwa protekta na kwa skrini pia.

Mkazi_wa_Makole

Nawashukuru sana wote watatu. Nimeipima kwa kubonyeza karibu na dirisha kama fundi alivyoelekeza na hakuna miduara, kwa hiyo gundi yake imeenea kote. Nimeing'oa leo asubuhi kwa kuanzia kona safi, na haikuvunjika. Skrini iliyo chini haina mkwaruzo.

Nimeiosha, lakini maji ya kisima tunayotumia hapa yana chumvi, na gundi ilipokauka imebaki na madoa meupe madogo ya mviringo. Je, niioshe tena kwa maji ya kuchemsha? Na je, kuna lolote la kuzingatia kuhusu alama ya kidole, kwa sababu simu yangu husoma kidole kwenye skrini?

Mwalimu_wa_Sayansi

Kuchemsha hakutasaidia. Kunaua vijidudu, lakini chumvi nyingi hubaki ndani ya maji, na kwa kuwa sehemu ya maji hugeuka mvuke, kinachobaki kinakuwa na chumvi zaidi ya awali. Unahitaji maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha mvuke huo ukakusanywa na kupozwa, ambayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea kwenye betri za magari. Tafadhali soma chupa kwa makini kabla ya kununua, kwa sababu wapo wauzaji wanaoita maji hayo na tindikali ya betri kwa jina moja, na tindikali hiyo inaunguza ngozi na macho. Chupa isiyo na maandishi usiinunue.

Osha tena kwa maji ya kawaida na sabuni ili kulegeza madoa, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji hayo yaliyokenekwa, uyamwage juu ya gundi taratibu huku umeinamisha kioo ili yateremke yote upande mmoja. Kiasi kidogo kinatosha.

FundiSimu_Tanga

Nakubaliana na mwalimu. Ikishakauka itazame kwa kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona inang'aa sawasawa bila doa, iko tayari, na uibandike muda huo huo badala ya kuiacha hadi jioni.

Viputo vidogo vya hewa vitakavyobaki visikusumbue. Vile visivyo na kitu ndani hupungua na kuisha vyenyewe kwa siku moja au mbili, silikoni inapoendelea kujilaza. Kiputo chenye kijidoa katikati ni punje, hicho hakitaondoka kwa kubonyezwa, kitolewe kwa njia ya Mama wa Likoni.

Kuhusu kidole, futa alama zilizosajiliwa na uzisajili upya baada ya kubandika, ukigeuza kidole pembe mbalimbali wakati wa kusajili. Simu zinazosoma kidole kwa mwanga huvumilia protekta ya kioo kwa kawaida. Zinazosoma kwa mawimbi ya sauti, kama Samsung Galaxy za daraja la juu tangu S10 ya mwaka 2019, zinahitaji protekta iliyogusana na skrini bila nafasi ya hewa, na kiputo kikibaki juu ya kihisi kidole kitakataliwa. Ukiona mguso umekuwa mzito, angalia kwenye mipangilio kama simu yako ina chaguo la kuongeza wepesi wa mguso kwa ajili ya protekta, uliwashe.

Jambo jingine ambalo sikuuliza mwanzoni ni kama simu hiyo ina kava. Kona inayoinuka peke yake, nyingine zote zikiwa zimeshika, mara nyingi inasukumwa na mdomo wa kava unaobana kioo ukingoni. Ukishabandika, kaa bila kava kwa siku mbili, kisha livishe polepole huku ukiitazama kona hiyo ya kulia. Ikiinuka, tafuta kava lenye nafasi zaidi ukingoni, au protekta iliyo ndogo kidogo kuliko hiyo.